Gavana wa Illinois si mkuu wa mkoa, wala Rais si mgeni Chicago

Juni 2025 Rais Donald Trump alichukua askari wa Walinzi wa Taifa wa California, askari wa akiba ambao kwa kawaida huwa chini ya gavana, na kuwapeleka Los Angeles kwa hoja ya kuwalinda maofisa wa uhamiaji, bila Gavana Gavin Newsom kuwaomba wala kuridhia. Kwa miaka 60 hakuna rais aliyekuwa amechukua askari wa jimbo kwa kazi ya usalama wa ndani pasipo ombi la gavana wake. Wa mwisho alikuwa Lyndon Johnson, Alabama, mwaka 1965, alipowalinda waandamanaji wa haki za kiraia. Oktoba ikafika zamu ya Illinois, jimbo lenye jiji la Chicago, na safari hii waliletwa hata askari kutoka Texas, ambako gavana alikubali, wakaingia katika jimbo ambalo gavana wake, JB Pritzker, alikataa katakata. Desemba 23 Mahakama ya Juu ilikataa kumruhusu Rais kuwatumia askari hao Illinois wakati kesi ikiendelea, majaji 3 kati ya 9 wakipinga. Mwaka ukaisha kwa Rais kutangaza kuwaondoa.

Katika mijadala yetu ya Kiswahili, sakata hili limesomwa kwa namna mbili. Wapo wanaouliza gavana anapata wapi jeuri ya kumkatalia Rais wake. Hilo ni swali la mtu aliyezoea mkuu wa mkoa, ambaye huteuliwa na Rais na anaweza kutenguliwa siku yoyote. Upande wa pili wapo wanaosema Marekani ni mkusanyiko wa nchi 50 zilizokubaliana kuwa na serikali kuu dhaifu, hivyo Rais hana ruhusa ya kugusa jimbo bila kibali cha wenyewe. Makundi haya mawili yanapingana, lakini yamekosea mahali pamoja: yote yanaamini kwamba palipo na serikali mbili, lazima moja iwe bosi wa nyingine. Katiba ya 1787 iliandikwa na watu waliotaka serikali kuu yenye nguvu, na waliipa nguvu hiyo. Lakini waliielekeza kwa mtu mmoja mmoja, kupitia sheria na mahakama. Hawakuielekeza kwa serikali ya jimbo kupitia amri. Ndiyo maana swali la nani mkubwa kati ya Trump na Pritzker halitufikishi popote. La kuuliza ni sheria gani imeshindikana kutekelezwa, na nani mwingine, mbali na Rais mwenyewe, amethibitisha kwamba imeshindikana.

Ili kulielewa hilo inabidi tujue walikuwa wanakimbia nini. Mkataba wa Muungano, ulioanza kutumika Machi 1781 vita vya uhuru vikiwa havijaisha, uliyaacha majimbo 13 kila moja na mamlaka yake kamili. Bunge la pamoja lilikuwa na chumba kimoja na kila jimbo lilikuwa na kura moja, Virginia kubwa sawasawa na Delaware ndogo. Hapakuwa na rais mtendaji. Hapakuwa na uwezo wa kumtoza mwananchi yeyote kodi. Bunge liliyaandikia majimbo kuomba michango, nayo yalilipa yalipotaka na kiasi yalichotaka. Bunge lilipoomba ruhusa ya kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje, lilihitaji idhini ya majimbo yote. Mwaka 1782 Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, lilikataa, na mpango ukafa. Jaribio la pili liliishia New York mwaka 1786. Wakati huo askari waliopigana na Mwingereza walikuwa bado wanadai stahiki zao, na madeni ya Ufaransa na Uholanzi yalikuwa yanazaa riba.

Mwaka huohuo wa 1786, wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, wengi wao askari wa zamani waliokuwa wakipokonywa mashamba na mifugo kwa madeni na kodi za jimbo, walianza kuzifunga mahakama kwa nguvu ili kesi za madeni zisisikilizwe. Januari 1787, Daniel Shays akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliliendea ghala la silaha la Springfield. Ghala lile lilikuwa mali ya serikali ya muungano, lakini serikali hiyo haikuwa na askari wa kulilinda. Mizinga ilifyatuliwa na mgambo wa jimbo, na jeshi lililowatawanya waasi liligharamiwa na wafanyabiashara wa Boston waliochanga kutoka mifukoni mwao. Miezi minne baadaye wajumbe wa majimbo walianza kukutana Philadelphia, katika kikao kilichozaa Katiba. Mtu anayesema watu wale walikwenda kuilinda serikali dhaifu hajaiangalia kalenda.

Kilichotokea Philadelphia kati ya Mei 25 na Septemba 17 kina mambo mawili ambayo hayatajwi vya kutosha. La kwanza ni la James Madison, mjumbe wa Virginia. Mpango wa Virginia, rasimu iliyoanzisha mjadala na ambao yeye ndiye aliyekuwa fundi wake mkuu, ulikuwa na kifungu cha kuiruhusu serikali kuu kutumia nguvu dhidi ya jimbo linalokaidi wajibu wake. Mei 31 ni Madison huyohuyo aliyesimama kuomba kifungu hicho kiwekwe kando. Alisema kadiri alivyolitafakari ndivyo alivyozidi kuona kwamba kutumia nguvu dhidi ya watu kwa ujumla wao, badala ya mtu mmoja mmoja, hakutekelezeki na si haki. Jimbo likishambuliwa litaona limetangaziwa vita, halitaona limepewa adhabu. La pili ni la Alexander Hamilton, mjumbe wa New York. Juni 18 alihutubia kwa saa nyingi akapendekeza, pamoja na mengine, kwamba magavana wa majimbo wateuliwe na serikali kuu na wawe na uwezo wa kuzuia sheria za majimbo yao. Kwa lugha yetu, alipendekeza wakuu wa mikoa. Wajumbe walimsikiliza, na kesho yake wakaendelea na kazi yao bila kulichukua pendekezo lake.

Kwa hiyo njia zote mbili ziliwekwa mezani, ya kulipiga jimbo kijeshi na ya kumfanya gavana kuwa mtumishi wa Rais, na zote mbili ziliachwa. Njia waliyoichagua Hamilton mwenyewe aliieleza vizuri baadaye katika makala ya 15 kati ya zile 85 za kuitetea Katiba zilizotiwa saini kwa jina la bandia la Publius, zilizoanza kutoka katika magazeti ya New York Oktoba 1787, na ambazo aliziandika pamoja na Madison na John Jay. Ugonjwa mkubwa wa muungano wa zamani, aliandika, ulikuwa ni kutunga sheria kwa ajili ya serikali badala ya kwa ajili ya watu. Serikali inayoamriwa na serikali nyingine itatii inapopenda. Isipotii, dawa pekee ni vita. Mtu binafsi asipotii sheria, dawa yake ni askari wa mahakama na hati ya kukamatwa. Katiba mpya ikaipa serikali kuu watoza kodi wake, mahakama zake na maofisa wake, ili isihitaji kumwomba gavana chochote.

Sisi husema fahali wawili hawakai zizi moja, na wapinzani wa Katiba walisema jambo hilohilo kwa namna yao: hakuna nchi yenye mamlaka kuu mbili, moja itaimeza nyingine. Mmoja wao, Patrick Henry, alisimama Juni 1788 katika kikao cha Virginia cha kuamua kama Katiba iidhinishwe, akauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuandika “sisi wananchi” badala ya “sisi majimbo”. Jibu lililo bora kuliko yote lilikuwa limeshatolewa Pennsylvania na James Wilson, mwanasheria mzaliwa wa Scotland ambaye wengi hawamjui. Wilson alisema mamlaka kuu haimo katika serikali kuu wala katika serikali ya jimbo. Imo kwa wananchi, nao wana haki ya kuikabidhi sehemu huku na sehemu kule. Ukilikubali hilo, serikali mbili zinaweza kumtawala mtu mmoja katika ardhi moja bila yoyote kuwa bosi wa mwenzake, kwa kuwa zote zina bosi mmoja aliye nje yake. Nadhani hili ndilo wazo kubwa kuliko yote yaliyotoka katika mabishano yale, na ndilo linalopotea kila tunapouliza nani mkubwa kati ya Rais na gavana.

Sasa tuje kwenye mgambo, kwa sababu Walinzi wa Taifa wa leo ndio warithi wao. Katiba inasema Bunge, narudia, Bunge, ndilo lenye uwezo wa kuweka utaratibu wa kuwaita mgambo kwa sababu tatu: kutekeleza sheria za Muungano, kuzima uasi na kufukuza uvamizi. Uteuzi wa maofisa wao na mafunzo yao vimeachiwa majimbo. Rais ni amiri jeshi mkuu wa mgambo pale tu wanapokuwa wameitwa katika utumishi wa Marekani. Hata hivyo wapinzani waliogopa. Luther Martin wa Maryland alionya kwamba mgambo wa jimbo moja wataburutwa hadi jimbo la mbali kwa matakwa ya serikali kuu. Hamilton, katika makala ya 29, aliicheka hofu hiyo: eti mgambo wa New Hampshire wapelekwe Georgia, na wa Georgia waletwe New Hampshire! Mtu aliyeona askari wa Texas wakiwasili Illinois Oktoba 2025 atakubali kwamba kicheko kile hakijazeeka vizuri, na kwamba Martin anastahili heshima kuliko anayopewa.

Lakini Bunge la mwanzo halikucheka. Mwaka 1792 lilitunga sheria ya kuwaita mgambo, na masharti yake yanastahili kusomwa polepole. Rais asingeweza kuwaita kwa ajili ya kutekeleza sheria mpaka jaji wa Mahakama ya Juu au jaji wa wilaya wa serikali kuu amjulishe kwa maandishi kwamba utekelezaji umezuiwa na makundi yenye nguvu kuliko uwezo wa mahakama na maofisa wake. Kisha lazima Rais atoe tangazo la kuwataka waasi watawanyike. Mgambo wa jimbo jingine wangeitwa tu ikiwa wale wa jimbo lenye ghasia wamekataa au hawatoshi, na ikiwa Bunge halimo kikaoni. Na hata hapo, wasingezidi siku 30 baada ya kikao kinachofuata kuanza.

Miaka miwili baadaye sheria ile ilijaribiwa. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania walikataa kodi ya pombe ya nafaka iliyowekwa 1791, wakawafanyia ukatili watoza kodi, na Julai 1794 wakaichoma moto nyumba ya mkaguzi John Neville. Gavana Thomas Mifflin alikuwa na mashaka juu ya kutuma jeshi, akisema mahakama hazijapewa nafasi ya kutosha. George Washington hakumpuuza, wala hakusubiri kibali chake. Alipeleka ushahidi kwa jaji wa Mahakama ya Juu, na Agosti 4 jaji akatia saini hati ya kuthibitisha kwamba sheria imezuiwa. Jaji huyo alikuwa James Wilson, yuleyule. Siku tatu baadaye Rais akatoa tangazo, akatuma wajumbe kwenda kuzungumza na waasi, na mazungumzo yaliposhindwa akaita karibu mgambo 13,000 kutoka Pennsylvania, New Jersey, Maryland na Virginia, akapanda farasi mwenyewe hadi Bedford. Waasi walitawanyika bila mapambano makubwa. Wawili walitiwa hatiani kwa uhaini, na Washington akawasamehe wote wawili.

Tukio hili linawabana wote wawili, anayemtetea Trump na anayemtetea Pritzker. Anayesema Rais hawezi kuingiza askari bila idhini ya gavana anajibiwa na Washington, aliyeongoza kikao cha Philadelphia na aliyewaingiza. Anajibiwa pia na Dwight Eisenhower, ambaye mwaka 1957 alituma wanajeshi wa Divisheni ya 101 kwenda Little Rock ili watoto 9 weusi waweze kuingia shuleni, baada ya Gavana Orval Faubus kutumia Walinzi wa Taifa wa Arkansas kuwazuia. Kama kibali cha gavana kingekuwa sharti, watoto wale wasingesoma. Mimi sioni namna ya kuitetea hoja ya kibali mbele ya picha za Little Rock, na ningependa watetezi wake wajaribu. Lakini angalia Eisenhower alikuwa na nini mkononi: alikuwa na amri ya mahakama iliyokuwa imekwisha kutolewa na ambayo watu walikuwa wanaizuia waziwazi. Mlolongo ulikuwa uleule wa 1794: sheria, jaji, kisha askari.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema Rais ni amiri jeshi mkuu, basi anapeleka askari anapoona inafaa. Hoja hii inaruka neno “pale tu wanapokuwa wameitwa” na inasahau kwamba utaratibu wa kuita ni mali ya Bunge. Katika kesi ya Illinois, Rais alitegemea sheria inayomruhusu kuwachukua Walinzi wa Taifa anaposhindwa kutekeleza sheria kwa kutumia vikosi vya kawaida. Mahakama ya Juu ilisema vikosi hivyo yaelekea ni jeshi lenyewe la Marekani, wala si polisi au maofisa wa uhamiaji. Kwa hiyo Rais anapaswa kwanza aonyeshe kuwa kuna hali ambayo sheria inaruhusu jeshi kutumika, na serikali haikuonyesha. Uamuzi huo haukumpa gavana kura ya turufu. Ulimwuliza Rais: sheria ipi?

Upande wa majimbo nao una hoja moja nzito na nyingine nyepesi. Nyepesi ni ya kusema jimbo linaweza kuifuta sheria ya Muungano ambayo haliipendi. John Calhoun wa South Carolina aliishikilia miaka ya 1830 akidai anafuata nyayo za Madison, na Madison, mzee wa miaka 80 na zaidi, aliandika barua baada ya barua akiikana. Nzito ni ya kukataa kushirikiana. Katika makala ya 46 Madison alieleza silaha za jimbo dhidi ya serikali kuu inayovuka mipaka, na miongoni mwake ni wananchi kutotoa ushirikiano kwa maofisa wa Muungano, na serikali ya jimbo kuwawekea vikwazo. Hapo hapana bunduki wala kujitenga. Serikali kuu inaachiwa kazi yake iifanye kwa mikono yake. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu, katika kesi ya masherifu waliotakiwa kuwachunguza wanunuzi wa bastola, iliamua kwamba Bunge haliwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo watekeleze mpango wa serikali kuu. Polisi wa Chicago wanapokataa kuwa wasaidizi wa maofisa wa uhamiaji, wanasimama juu ya msingi huo, sawa na sherifu mhafidhina aliyekataa sheria ya silaha.

Kuna watu ninaowaheshimu wanaosema mambo haya ya majimbo ni vazi la utumwa na ubaguzi. Wana haki ya kusema hivyo. Katiba ileile ilimhesabu kila mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu ili kuwaongezea mabwana zao viti bungeni, na ilizuia biashara ya kuwaingiza isipigwe marufuku kabla ya 1808. Hata hivyo historia ya kukataa kushirikiana haijakaa upande mmoja. Mwaka 1842, katika kesi ya Prigg dhidi ya Pennsylvania, Mahakama ya Juu ilisema majimbo hayawezi kuzuia kurudishwa kwa watumwa waliotoroka, lakini pia kwamba si lazima maofisa wao wasaidie. Majimbo ya Kaskazini yakaushika mlango huo, yakawakataza maofisa wao na kufunga jela zao. Na ni nani walikwenda Bungeni mwaka 1850 kudai sheria kali ya serikali kuu ya kuwawinda watoro hadi mitaa ya Boston? Ni wanasiasa wa Kusini, walewale waliohubiri haki za majimbo. Mgawanyo wa madaraka ni chombo, na waliokitumia kwa haki na kwa dhuluma wamepishana.

Kwetu Afrika Mashariki hili linagusa kitu halisi. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia konfederesheni ya kisiasa kuwa hatua ya mpito kuelekea shirikisho, na wataalamu wa katiba wamekuwa wakikusanya maoni. Konfederesheni ndiyo Wamarekani walikuwa nayo kuanzia 1781, na tayari Jumuiya yetu inazo dalili zake: inaishi kwa michango ya nchi wanachama, inalalamikia malimbikizo ya michango hiyo, na wakuu wake huamua kwa maafikiano, hivyo nchi moja inatosha kukwamisha. Anayetoa maoni aache kwanza habari ya nani atakuwa rais na aulize kama sheria ya Jumuiya itamfikia mfanyabiashara wa Busia au Namanga moja kwa moja, kupitia mahakama anayoweza kuingia, au itapitia kwa serikali yake ambayo itatii ikipenda.

Huko Marekani kwenyewe, kipande kilichong'oka kinajulikana. Mwaka 1795 Bunge lilipoiandika upya sheria ya mgambo liliondoa sharti la hati ya jaji. Mwaka 1807 likaongeza jeshi la kudumu na wanamaji, na hiyo ndiyo inayoitwa Sheria ya Uasi. Mwaka 1827 Mahakama ya Juu ikasema Rais pekee ndiye wa kuamua kama dharura imefika. Bunge linaweza kulirudisha sharti la 1792 kwa sheria ya kawaida, bila kugusa neno hata moja la Katiba, na wanaoshangilia uamuzi wa Desemba wangeelekeza nguvu zao huko. Uamuzi ule ni wa muda, unahusu jimbo moja, na umesimama juu ya tafsiri ya maneno machache ya sheria nyingine kabisa. Sheria ya Uasi haikuguswa. Rais akiamua kuitumia kesho, hakuna jaji anayepaswa kutia saini kabla askari hawajaondoka kambini.